Mgeni na Jembe: Maneno Yaliyonenwa Siku ya Jubili juu ya Mithali za Mataifa



Tumepewa kazi ya kunena nanyi habari za mithali za mataifa mbalimbali, na hekima ile wanayoshirikiana. Sisi tulioipokea kazi hii tu wawili, waalimu wazee tuliofundisha pamoja tangu ujana wetu. Maneno haya tumeyaandika sote wawili, ijapokuwa mmoja tu ndiye asimamaye mbele yenu kuyasoma. Basi, msikiapo "sisi" msidhani ya kuwa msomaji anajikuza.

Kwanza tulifanya kama wafanyavyo watu wengi, yaani tuliketi tukaandika orodha. Sisi twasema, Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Wakorea, walio mbali nasi sana, wasema ya kuwa nyangumi wakipigana, kamba ndiye apasukaye mgongo. Sisi twasema, Mtoto wa nyoka ni nyoka. Wajapani wasema, Mtoto wa chura ni chura. Sisi twasema, Haba na haba hujaza kibaba. Wahabeshi wasema ya kuwa polepole hata yai litakwenda kwa miguu yake. Orodha ikawa ndefu, nasi tukafurahi kama watoto waokotao makombe pwani.

Walakini tulipoisoma tena jioni tuliona haina chumvi. Maana mwenye kusikia orodha ya namna hii husema, "Ajabu! Kumbe watu wote ni sawasawa," kisha huenda zake nyumbani wala hakuongezewa kitu. Tukaona ni afadhali kushika mithali moja tu na kuifuata mahali pote iendapo, tupate kujua kama kweli mataifa husema neno moja, au kama hukutana njiani tu, wakaamkiana, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Mithali tuliyoichagua ni hii: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuliichagua kwa sababu siku moja ilitutia hasira.

Tulipokuwa vijana, tumetoka kumaliza masomo yetu, tulipelekwa kufundisha katika kijiji kilicho mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu kutoka barabara kuu. Nyumba ya waalimu ilikuwa haijaezekwa, basi tukakaribishwa na bibi mmoja mjane. Siku ya kwanza alituchinjia jogoo. Siku ya pili tulikula wali kwa mchuzi uliosalia, na maji ya kuoga tulitengewa. Siku ya tatu, alfajiri, kabla jua halijachomoza, tulipofungua mlango tulikuta majembe mawili yameegemezwa ukutani. Bibi alikuwa ameketi kando akichambua mboga. Akasema, "Wajukuu zangu, hayo yenu." Hakusema zaidi.

Sisi tulikuwa tunaijua mithali, kwa kuwa tuliisoma kitabuni tukaiandika ubaoni. Tukafahamu ya kuwa tumefukuzwa. Mioyo yetu iliungua. Tukajiambia, "Sisi tumekuja kuwafundisha watoto wao, nao wanatuhesabia siku kama wazururaji!" Tukamwamkia kwa maneno machache, tukachukua mizigo yetu, tukaenda kulala darasani juu ya madawati. Tulilala huko siku mbili na njaa, majembe tumeyaacha palepale ukutani. Mwisho wa habari hii tutausema baadaye. Kwanza na tutembee kidogo.

Katika Ulaya twaikuta mithali ya siku tatu mahali pengi. Waitalia, Wahispania na Waingereza wanayo, nayo hunena kwa namna moja: mgeni ni kama samaki, baada ya siku tatu hunuka. Benjamin Franklin wa Marekani aliitia katika kalenda yake ya mwaka 1736, na watu wengi hudhani ni yeye aliyeitunga. Lakini ilikuwa ya zamani kuliko yeye. Na wazo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Plautus, mtungaji wa michezo wa Kirumi aliyefariki yapata mwaka 184 kabla ya Kristo, katika mchezo wake mmoja amemweka kijana aliye mgeni katika nyumba ya mzee rafiki yake. Kijana huyo anaona haya kwa gharama anazomtia mwenyeji. Anasema ya kuwa hata mgeni wa rafiki, zikiisha siku tatu, huanza kuchukiza. Na zikifika siku kumi, machukizo huwa mengi kama habari za vita vya Troya. Tena anaongeza neno ambalo sisi twaliona kuwa ndilo lenye uzito kupita yote: hata kama bwana mwenye nyumba anavumilia kwa moyo mweupe, watumwa wake hunung'unika.

Tafadhalini, ndugu zetu, mlisikilize neno hilo. Nani aliyekuwa akiteka maji ya mgeni? Nani aliyekuwa akikesha jikoni? Mwenye nyumba husifiwa kwa ukarimu wake hali mikono iliyofanya kazi ni ya mwingine. Na sisi je? Mara nyingi baba husema barazani, "Karibu, kaa hata mwezi," naye hajui ndani ya ghala mmesalia nini. Ajuaye ni mama. Twadhani ya kuwa mithali hii katika nchi nyingi ilizaliwa jikoni kabla haijapelekwa barazani, ijapokuwa wanaume ndio walioiandika vitabuni.

Labda mtauliza, Kwa nini siku tatu? Sisi twaona jibu limo ndani ya chungu. Siku ya kwanza huchinjwa kuku. Siku ya pili huliwa kilichosalia. Siku ya tatu chungu husema kweli, na mwenye nyumba hana budi kuchagua: amfiche mgeni hali yake na kukopa kwa jirani, au amwonyeshe maisha yalivyo. Mambo ya chungu ni yale yale Rumi na Tanga. Ndiyo sababu mataifa wasiojuana wamefika kwenye hesabu moja.

Jirani zetu Waislamu, ambao katika pwani hii tumekaa nao mlango kwa mlango, wamepokea katika mafundisho ya Mtume wao ya kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na lizidilo hapo ni sadaka. Tena ya kuwa haimpasi mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Hapa twaona kitu kipya. Samaki wa Ulaya anamtazama mgeni tu na kuziba pua. Fundisho hili lawapa wote wawili kipimo: mwenyeji ana deni la siku tatu, awe anapenda asipende, na mgeni naye ana mpaka. Zikipita siku tatu mwenyeji aweza kutoa bado, lakini sasa atoa kwa hiari yake, na mgeni ajue ya kuwa anapewa.

Katika Kanisa la kwanza nako kulikuwa na hesabu hii. Mwaka 1873 Philotheos Bryennios, mtu wa Kanisa la Wayunani, alikuta katika maktaba ya Constantinople, mji uitwao Istanbul siku hizi, nakala ya kitabu kidogo kiitwacho Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, akakipiga chapa mwaka 1883. Wataalamu wengi hukiweka katika mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili. Kimo ndani yake amri juu ya wasafiri. Ajaye kwa jina la Bwana apokewe. Akiwa ni mpita njia, asaidiwe, naye asikae ila siku mbili, au tatu ikiwa lazima. Akitaka kukaa kabisa, naye ana ufundi, afanye kazi apate kula. Asipokuwa na ufundi, wenyeji watumie akili zao waone jinsi atakavyoishi kati yao pasipo uvivu. Na akikataa, basi mtu huyo anamfanya Kristo kuwa bidhaa yake, nao wajihadhari naye.

Siku mbili, au tatu, kisha kazi! Tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulitazamana tukacheka. Hatusemi ya kuwa wazee wetu walikisoma kitabu hicho, wala ya kuwa Wakristo wale wa Shamu walifika kwetu. Lakini jembe limo mle, ingawa halikutajwa kwa jina. Tena angalieni ile amri juu ya asiye na ufundi. Haisemi afukuzwe. Yasema wenyeji watumie akili zao. Kazi ya kutafuta jembe limfaalo mgeni imewekwa juu ya mwenyeji, na hiyo ni kazi nzito kuliko kuchinja kuku.

Lakini tusije tukadhani ya kuwa kila taifa lina kinywa kimoja juu ya wageni. Wakikuyu wasema, Mgeni ni mto, maana yake apita tu. Waakani wa Ghana wasema ya kuwa mgeni ana macho makubwa lakini hauoni mji. Na sisi wenyewe, tusemao mpe jembe, twasema pia, Mgeni njoo mwenyeji apone. Kana kwamba mgeni amekuja na dawa. Mtoto mmoja wa darasa la sita alituuliza, "Mwalimu, ipi ndiyo kweli?" Tulimjibu wakati ule kwamba zote ni kweli, nalo lilikuwa jibu la uvivu. Leo tungemjibu hivi: mithali si sheria iliyoandikwa kwa watu wote na siku zote, ni neno alilolisema mtu fulani, kwa mtu fulani, chakula kikiwa kiasi fulani. Mwulize kwanza ni nani asemaye, na ghala lake likoje. Siku ya kwanza mwenyeji husema mgeni njoo. Siku ya tatu hulitafuta jembe. Mwenyeji ni yule yule, wala hakusema uongo siku yo yote.

Waalimu wenzetu, twawasihi katika jambo hili. Msiwape watoto mithali ishirini kwa siku wakaziandike maana zake kwa mstari mmoja mmoja. Wapeni moja, waende nayo kwa nyanya zao, wawaulize iliwahi kusemwa lini nyumbani mwao, na nani alikasirika.

Sasa turudie jembe. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliitaja mithali hii katika maandiko yake juu ya Ujamaa. Alitaka kuonyesha ya kuwa katika maisha ya zamani ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanya kazi, na ya kuwa mgeni mwenyewe huenda aliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa alijua atarajiwalo, naye angeona haya kukaa bure. Watu wengine wameona ya kuwa Mwalimu aliwapamba wazee kupita kiasi. Labda. Hata hivyo ameliona jambo moja ambalo sisi tulipokuwa vijana hatukuliona: jembe laweza kuombwa. Je, yuko mtu aombaye samaki anukaye?

Hapa ndipo mataifa wanapoachana, baada ya kwenda pamoja njia ndefu. Wote wamehesabu siku tatu. Wote wameona ya kuwa ukarimu usio na mwisho humwumiza anayeufanya, na hata anayeupokea. Lakini samaki ana njia moja tu, nayo ni nje. Jembe lina njia mbili. Mtu mwenye moyo mgumu hulitoa akiwa na maana ya kusema, "Ondoka." Na mwingine hulitoa lile lile akiwa na maana ya kusema, "Shamba lile pale. Panda, ukae uvune." Maana mtu hapandi mahindi mahali atakapoondoka kesho. Mithali yenyewe haikutuambia ipi kati ya hizi mbili ndiyo iliyokusudiwa. Imetuachia sisi tulio na mpini mkononi.

Nchi yetu imepata kujaribiwa katika neno hili mbele ya macho ya watu. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji yaliyokuwa kwao wakaingia Tanzania. Wengi wao walipelekwa kukaa Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, na Katumba na Mishamo katika nchi iliyo leo mkoa wa Katavi. Palikuwa msitu. Walipewa sehemu za ardhi, jamaa kwa jamaa, wakafyeka, wakalima mahindi, maharagwe, mihogo na tumbako, hata baada ya miaka si mingi walikuwa wakijilisha wenyewe, na mazao yao yakauzwa nje ya makazi yao. Hilo lilikuwa jembe la siku ya tatu, nalo lilitolewa kwa mkono mwema. Walakini aliyepewa jembe alikuwa bado hajapewa jina. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakazaa, na bado waliitwa wakimbizi. Mwaka 2014 ndipo serikali ilipotangaza kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 katika hao. Tokea 1972 hata 2014 ni miaka arobaini na miwili. Twaisifu nchi yetu kwa tendo hilo, kwa kuwa nchi zilizofanya hivyo kwa watu wengi namna ile ni chache. Lakini twauliza pia, kwa heshima: mtu akilima shamba lake miaka arobaini, siku ya tatu imekwisha saa ngapi?

Na katika mitaa yetu ya Kanisa je? Yuko mwalimu aliyehamia kutoka mkoa mwingine, amekaa miaka tisa, na bado katika halmashauri ya mtaa huitwa "mgeni wetu," akapewa kiti cha mbele na soda, lakini haulizwi neno juu ya fedha za paa. Yuko mama aliyeolewa kutoka mbali, anayepikiwa sikukuu zote, wala haitwi kupika. Watu hawa hawakunyimwa wali. Wamenyimwa jembe.

Tungependa kuongeza jambo moja dogo, kwa kuwa mithali nazo husafiri, nazo ni wageni. Katika jumba la makumbusho la London, liitwalo British Museum, kimo kitabu cha mafunjo chenye maneno ya hekima ya Mmisri aitwaye Amenemope, sura thelathini. Budge alikipiga chapa mwaka 1923, na mwaka uliofuata mtaalamu wa Kijerumani, Adolf Erman, alionyesha jinsi maneno hayo yanavyofanana na sehemu ya Mithali ianzayo katika sura ya 22, mstari wa 17. Wataalamu walio wengi wasadiki ya kuwa mwandishi wa Kiebrania aliyajua maneno ya Mmisri. Wako Wakristo waliofadhaika kwa habari hiyo. Sisi haitufadhaishi. Mmisri amekataza kumnyang'anya maskini. Mwebrania amekataza vile vile, kisha amesema ya kuwa Bwana mwenyewe ndiye atakayewatetea maskini. Neno la mgeni limepokewa nyumbani, likapewa kazi ya kufanya katika shamba la mwenyeji, na hata leo lafanya kazi humo. Wala katika misa hakuna asimamaye akauliza limetoka wapi.

Sasa tumalize habari ya bibi yetu. Siku ya pili ya kulala kwetu darasani alikuja mzee mmoja wa Kanisa, akatukuta tumejikunyata. Akatuuliza sababu, tukamweleza kwa uchungu. Mzee akakaa juu ya dawati, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatuambia habari za mwalimu aliyekuwapo kabla yetu. Huyo alikaa mwaka mzima. Kila siku alipelekewa chakula kilichofunikwa. Watu walimwamkia kwa adabu, wakampisha njiani. Mvua ilipochelewa na kijiji kikakutana usiku kupatana juu ya akiba ya nafaka, hakuna aliyemwita. Alipohama, watoto walimwimbia, kisha kijiji kikamsahau. "Hakupewa jembe," mzee akasema. "Hakuna aliyemdhania kuwa atakaa."

Tukarudi kwa bibi jioni ile, tumeinamisha vichwa. Majembe yalikuwa palepale. Ndipo tulipoyatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mipini ilikuwa mipya, imechongwa kwa mti mweupe, bado ina harufu ya ubichi. Tena haikuwa sawa. Mmoja ulikuwa mrefu, kwa kuwa mmoja wetu ni mrefu kama mnavyomwona. Na wa pili ulikuwa mfupi. Tukamwuliza ni nani aliyeichonga, na lini. Akajibu ya kuwa alimtuma mjukuu wake msituni siku ile ile tulipofika, jogoo akiwa bado jikoni.

Tulilima kwake misimu minne. Mpini ule mfupi ulivunjika zamani, ukabadilishwa mara mbili. Ule mrefu upo hata leo, umekuwa mweusi kwa jasho, na bamba lake limelika hata limebaki upana wa kiganja. Tumeuleta. Umesimamishwa pale mlangoni, nanyi mtakapotoka mwaweza kuushika.